Kufundisha kwa Kutembea: Mafunzo kutoka Njia za Miguu za Kijiji cha Eyam

Katika maandalio ya masomo yanayoletwa mbele yangu kila msimu wa mazoezi ya kufundisha, sehemu ya zana aghalabu hujazwa kwa maneno mawili tu: mazingira halisi. Maneno hayo ni mazuri, na wakaguzi huyapenda. Lakini niingiapo darasani huona kwamba mazingira halisi yamebaki nje ya dirisha. Mwalimu mwanafunzi anachora mto ubaoni, na mto wenyewe unapita nyuma ya vyoo vya shule. Watoto wananakili mchoro, kengele inagongwa, na kipindi kimekwisha.

Simlaumu mwalimu mwanafunzi. Hofu yake naifahamu: watoto watatawanyika, muda hautatosha, na mwalimu mkuu atauliza kwa nini darasa zima linazurura. Juu ya hayo, mara nyingi hakuna aliyemwonyesha jinsi matembezi yanavyoandaliwa yakawa somo kamili lenye mwanzo, kiini na hitimisho. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo kwa kueleza matembezi niliyoyashuhudia mwaka 2018, nilipokuwa nikihudhuria mafunzo mafupi katika mji wa Sheffield, Uingereza. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alinialika nifuatane na darasa lake la watoto 28, wenye umri wa miaka kumi hivi, kwenda kutembea katika njia za miguu zinazokizunguka kijiji cha Eyam. Jina hilo hutamkwa "Im", kwa irabu ndefu.

Kijiji na njia zake

Eyam kipo katika jimbo la Derbyshire, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Peak District. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1951, nayo ilikuwa ya kwanza katika Uingereza. Msomaji asiifananishe na Serengeti. Humo watu wanaishi, wanalima na kufuga, na zimo shule, makanisa na maduka. Kijiji chenyewe ni barabara moja ndefu yenye nyumba za mawe ya kijivu. Upande wa kaskazini ardhi inapanda ghafula kuelekea kwenye ukingo wa mawe ya mchanga; upande wa kusini ni nchi ya mawe ya chokaa, iliyokatwa na mabonde membamba. Mtoto akitembea saa moja tu hukanyaga miamba ya aina mbili, na huona jinsi majani, maji na hata rangi ya kuta zinavyobadilika.

Njia za miguu zinatoka kijijini kila upande na kupita katikati ya malisho ya kondoo. Malisho hayo yamezungushiwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo. Pale njia inapokutana na ukuta, mawe marefu yametokezwa yawe vipandio, au pameachwa upenyo mwembamba ambao mtu hupita ila kondoo hapiti. Vibao vidogo vyenye mshale wa manjano huonyesha njia ya waendao kwa miguu, na mshale wa buluu huonyesha njia ambayo farasi pia huruhusiwa kupita.

Mwalimu yule alilisimamisha darasa kwenye ukuta wa kwanza, akauliza: "Malisho haya ni ya nani?" Watoto wakajibu kuwa ni ya mkulima. Akauliza tena: "Na njia je?" Hapo pakawa kimya. Ndipo akawaeleza kwamba ardhi ina mwenyewe, lakini haki ya kupita ni ya kila mtu, na mkulima haruhusiwi kuifunga njia. Kwa sheria ya Uingereza, njia iliyopitwa na watu kwa uwazi kwa miaka 20, bila kuzuiwa na bila kuomba ruhusa, huweza kuhesabiwa kuwa njia ya umma.

Haki hiyo haikulindwa bila mvutano. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani kutoka Manchester, waliingia kwa makusudi katika mlima wa Kinder Scout, usio mbali na Eyam, uliokuwa umefungwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege. Watano kati yao walifungwa gerezani. Mwaka 1949 Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha hifadhi za taifa na kuziagiza serikali za majimbo ziorodheshe njia zote za umma na kuzichora katika ramani rasmi. Leo njia hizo katika Uingereza na Wales zina urefu wa zaidi ya kilomita 200,000. Haya yote yalifundishwa kwa dakika sita, watoto wakiwa wameshika mawe ya ukuta kwa mikono yao. Kwetu tungeliita somo la uraia, na tungelifundisha kwa muhtasari wa ubaoni.

Kituo cha kwanza: nyumba na daftari

Eyam kinajulikana zaidi kwa sababu ya tauni. Mwaka 1665 ugonjwa huo ulikuwa ukiangamiza watu mjini London. Inasimuliwa kwamba mtumba wa nguo uliotoka huko uliletwa kwa mshonaji mmoja wa Eyam, nao ulikuwa na unyevu. Msaidizi wake, George Viccars, akazianika nguo mbele ya moto. Baada ya siku chache aliugua, naye akazikwa tarehe 7 Septemba 1665. Tauni ikaenea kutoka nyumba hadi nyumba, ikapungua wakati wa baridi, kisha ikapamba moto tena mwaka 1666.

Mbele ya nyumba hizo pamewekwa vibao vyenye majina ya waliofia humo. Mwalimu hakusoma hata kibao kimoja. Aliwagawa watoto wawili wawili, akawapa daftari na kazi: kila jozi iandike majina na tarehe za nyumba moja. Baada ya dakika kumi walikutana mbele ya kanisa, penye msalaba wa kale wa mawe uliochongwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wakapanga tarehe walizoziandika kwa mfuatano. Pasipo kuambiwa na mtu, waliona jinsi kifo kilivyotoka nyumba moja kwenda ya jirani. Mtoto mmoja akasema: "Ulikuwa unatembea kama sisi."

Kituo cha pili: jiwe la mpaka

Mwezi Juni 1666 wanakijiji wa Eyam, wakiongozwa na kasisi wao kijana William Mompesson pamoja na Thomas Stanley, kasisi aliyemtangulia, walifikia makubaliano. Ibada zingefanyika nje, bondeni, watu wakisimama mbalimbali. Kila familia ingezika wafu wake. Na kubwa kuliko yote, hakuna ambaye angevuka mpaka wa kijiji, ili ugonjwa usifike kwingine. Mtawala mkubwa wa eneo hilo, Bwana wa Devonshire, alisaidia chakula, na vijiji vya jirani vilileta mahitaji hadi mpakani.

Njia ya kwenda kijiji cha jirani, Stoney Middleton, hupita kwenye jiwe kubwa lililo katikati ya malisho. Jiwe hilo lina matundu sita yaliyotobolewa juu yake. Yasemekana watu wa Eyam waliweka sarafu humo ndani ya siki, wakarudi nyuma. Wenzao wakaja, wakachukua fedha na kuacha vyakula. Watoto walitia vidole katika matundu hayo, ambayo kingo zake zimelainishwa na vidole vya watu wengi. Kisha mwalimu akaligawa darasa mafungu mawili, moja upande huu wa jiwe na jingine upande ule, hatua ishirini mbali. Mtoto mmoja aliweka sarafu, akarudi kwa wenzake. Mwingine akaja akaichukua, akaacha mkate. Hakuna aliyecheka.

Hapo ndipo swali la sayansi lilipoulizwa: kwa nini siki? Watu wa mwaka 1666 hawakujua chochote juu ya bakteria. Kidudu cha tauni kiligunduliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894, na baadaye ndipo ilipothibitishwa kwamba viroboto wa panya huweza kukihamisha kwa binadamu. Hata hivyo wanakijiji walikuwa wameona kwa macho yao kwamba ukaribu huua na umbali huokoa. Walitenda kwa ujuzi mdogo waliokuwa nao. Hilo ni fundisho zuri kwa mtoto: mtu hangoji ajue kila kitu ndipo atende jema.

Kituo cha tatu: makaburi ya malishoni

Njia ya mashariki hupanda taratibu hadi kwenye ua mdogo wa mawe, katikati ya malisho, mahali paitwapo Riley. Ndani yake yamo mawe ya makaburi ya familia moja, Hancock. Mwezi Agosti 1666, katika muda wa siku nane, mama mmoja, Elizabeth Hancock, alizika mume wake na watoto wake sita. Yeye mwenyewe alinusurika, akahamia Sheffield alikokuwa mwanawe mmoja aliyebaki hai.

Hapa nilimtazama mwalimu kwa makini kuliko watoto. Nilitaka kujua atasema nini. Alisoma majina na tarehe, basi. Msichana mmoja akauliza: "Nani alimsaidia kuzika?" Mwalimu akajibu kwamba, kwa jinsi inavyosimuliwa, hakuna aliyemsaidia. Akanyamaza. Hakuongeza mawaidha, wala hakuharakisha kwenda kituo kinachofuata. Baada ya kitambo mvulana mmoja alisogea kando, akaketi peke yake chini ya ukuta. Mwalimu alimfuata, akaketi naye bila kumwuliza lolote, na darasa likaongozwa na msaidizi wake. Nilielezwa baadaye kwamba mtoto yule alikuwa amefiwa na mama yake mwaka huohuo, na kwamba mwalimu alikwisha kuzungumza naye na baba yake kabla ya safari. Alikuwa amempa hiari ya kutokuja, na mtoto alichagua kuja.

Ndugu mwalimu mwanafunzi, katika darasa lolote utakalopangiwa watakuwamo watoto waliofiwa na wazazi. Somo la historia si salama kwa kuwa tu limeandikwa katika kitabu. Unapofundisha vita, utumwa, njaa au maradhi, yupo mtoto anayesikia habari za nyumbani kwao. Kutoka nje ya darasa hakuondoi hatari hiyo, bali huiongeza, kwa sababu kaburi halisi si sawa na kaburi la kitabuni. Kwa hiyo maandalio ya matembezi hayaanzi na ramani. Yanaanza na daftari la mahudhurio, na kuwajua watoto mmoja mmoja.

Ukweli na simulizi

Lipo jambo jingine, nalo ni gumu zaidi. Habari ya Eyam hupendwa kusimuliwa kama habari ya ushujaa mtupu. Lakini wanahistoria wamekwisha kuonyesha kwamba maandishi ya wakati ule ni machache. Msingi wake ni barua kadhaa za Mompesson mwenyewe na daftari la mazishi la kanisa. Mengi ya mapambo yaliongezwa katika karne ya 18 na ya 19, hasa katika kitabu cha historia ya kijiji alichokitoa William Wood mwaka 1842.

Hata hesabu hubishaniwa. Mompesson aliandika mwezi Novemba 1666 kwamba familia 76 ziliingiliwa na tauni na watu 259 walikufa. Vitabu vya zamani vilidai kwamba kijiji kilikuwa na watu 350 tu. Uchunguzi wa baadaye unaelekeza kwenye watu 700 au zaidi. Kwa hesabu ya kwanza, karibu robo tatu ya kijiji iliangamia. Kwa ya pili, ni zaidi kidogo ya theluthi moja. Wapo pia waulizao kama kila mmoja alibaki kwa hiari. Wenye uwezo waliweza kuondoka mapema. Maskini wangekwenda wapi?

Je, mwalimu awaambie watoto wa miaka kumi mashaka hayo? Katika mafunzo yetu tulibishana sana. Mwenzetu mmoja alisema kuwa mtoto anahitaji shujaa kwanza, na shaka aje kuipata akikua. Mimi nasimama upande wa yule mwalimu. Njiani alitumia maneno matatu kwa uangalifu: "tunajua", "yasemekana" na "hatuna hakika". Palipokuwa na maandishi ya wakati ule alisema tunajua. Kwenye matundu ya siki alisema yasemekana. Watoto nao walianza kuyatumia maneno hayo, na waliporudi darasani walipanga habari zao katika safu tatu. Sikuona kwamba heshima yao kwa wale waliokufa ilipungua. Mtoto aliyezoea kuuliza "tunajuaje?" hatadanganywa kwa urahisi na mwanasiasa wala na mganga wa uongo.

Eyam na sisi

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni ya Wazungu na ya zamani. Sivyo. Tauni iliingia wilaya ya Lushoto mwaka 1980, ikawa inarudi tena na tena kwa zaidi ya miaka 20. Mimi nilikulia katika milima hiyo ya Usambara. Wazee walitukataza kumgusa panya aliyekufa, na tulipomwona nyumbani tulitakiwa kupiga mbio kutoa habari. Tofauti yetu na watu wa Eyam ni kwamba sisi tulikuwa na dawa: tauni ikitambuliwa mapema hutibika kwa viuavijasumu. Tena mwezi Machi 2020 shule zetu zilifungwa kwa sababu ya korona, na watoto wa Tanzania wakajifunza maana ya kukaa mbali na mwenzako kwa ajili ya usalama wake. Ninapowaeleza wanachuo wangu habari ya jiwe la mpaka, sihitaji tena kufafanua sana.

Na njia tunazo. Kila kijiji kina njia ya kisimani, ya shambani, ya gulioni, ya makaburini. Zipo zilizotangulia barabara ya gari kwa vizazi kadhaa. Lakini nyingi hazimo katika ramani yoyote. Pakizungushwa ua au pakijengwa nyumba, njia hufa, na habari zake hufa pamoja na mzee wa mwisho aliyeipita. Darasa la nne linaloichora njia moja kwa mwaka linaweka kumbukumbu ambayo kijiji hakikuwa nayo.

Jinsi ya kuandaa

Kutokana na niliyoyaona, na kutokana na majaribio niliyofanya na wanachuo wangu tangu niliporejea, napendekeza hatua zifuatazo.

Kwanza, itembee njia mwenyewe mara mbili: mara moja peke yako, na mara moja pamoja na mzee wa mahali hapo. Pima muda, kisha uuzidishe maradufu, maana watoto hutembea polepole na husimama.

Pili, chagua vituo vitatu, visizidi vinne. Kila kituo kiwe na kitu cha kushika au kuhesabu, na swali moja ambalo jibu lake halimo kitabuni.

Tatu, omba vipindi viwili vinavyofuatana. Dakika 40 hazitoshi. Dakika 80 zatosha njia ya kilomita mbili. Mweleze mwalimu mkuu kwa maandishi lengo la somo, njia utakayopita na saa ya kurudi. Ukifanya hivyo hataliita darasa lako wazururaji.

Nne, omba ruhusa kwa wenye mashamba na kwa serikali ya kijiji. Huko Uingereza sheria inampa mpita njia haki. Kwetu adabu ndiyo inayofungua mlango.

Tano, wape watoto kazi kabla hawajatoka: huyu ahesabu hatua, yule achore, mwingine aandike majina ya miti, mwingine amwulize mzee maswali yaliyoandaliwa. Mtoto mwenye kazi hatawanyiki.

Sita, fikiria ni mtoto yupi anayeweza kuumizwa na njia hiyo, awe mlemavu wa miguu au mwenye huzuni, na zungumza naye mapema.

Saba, siku inayofuata mchore pamoja ramani ya njia katika karatasi kubwa, na pembeni muandike zile safu tatu: tunajua, yasemekana, hatuna hakika.

Wahenga walisema tembea uone. Walimu tumeichukua methali hiyo kama neno la wasafiri, ilhali inatufaa sisi kuliko wao. Msimu ujao wa mazoezi ya kufundisha, nitakapolisoma andalio lako na kukuta maneno mazingira halisi, nitakuuliza swali moja tu: njia ipi? Uwe na jina lake tayari, na viatu vyako viwe na vumbi la njia hiyo.